Magunia Sita na Kisima cha Chumvi: Uchambuzi wa Kisa cha Bustani ya Uani, Mombasa

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba moja ya Kiswahili upande wa Kisauni, kuanzia Novemba hadi Agosti ya mwaka uliofuata. Mimi ni mmoja wa washauri watatu wa kujitolea ambao huwatembelea wakazi wanaotaka kupanda mboga nyumbani, huwapa miche, magunia na maelekezo, kisha hurudi kila baada ya wiki mbili kuangalia maendeleo. Majina, mtaa na kila alama ambayo ingewatambulisha wenye nyumba vimeondolewa, na jamaa wenyewe wamesomewa maandishi haya wakaridhia.

Nyumba ilikuwa na watu saba. Mkubwa wao ni bibi wa miaka sabini na kitu, ambaye humu nitamwita Bi Mkubwa kama wanavyomwita wote pale nyumbani. Aliyeomba msaada wetu ni mkaza mwana wake, mama anayeamka saa tisa usiku kupika mahamri na mbaazi za kuuza barazani. Kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa akitumia shilingi 50 hadi 60 kila siku kununua mboga za majani, na aliona kwamba ua wa nyuma, wenye hatua nne kwa tatu hivi, ungeweza kumpunguzia sehemu ya gharama hiyo.

Ua wenyewe haukuwa na udongo wa kulima. Nusu yake ilisakafiwa kwa saruji, na nusu iliyobaki ilikuwa vifusi vya mawe ya matumbawe, kama zilivyo nyua nyingi za mji huu uliojengwa juu ya miamba ya matumbawe ya kale. Kwa sababu hiyo tuliamua kutumia magunia. Tulijaza magunia sita makubwa kwa udongo mwekundu ulionunuliwa, samadi ya mbuzi na nyuzi za makumbi ya nazi, kila moja likiwa na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, tukapanda sukuma wiki, nyanya, biringani na mchicha.

Maji yalikuwa ya namna mbili. Maji ya mfereji hutoka kwa mgao, na yakikatika watu hununua mitungi ya lita 20 kwa wauzaji wa mikokoteni. Asiyeishi Mombasa huenda asijue kwamba maji matamu ya mji huu yanatoka mbali: bomba la Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, huyaleta kutoka chemchemi zilizoko Tsavo Magharibi, na mengine hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, katika kaunti ya Kilifi. Namna ya pili ni kisima cha uani, ambacho nyumba hii inashirikiana na majirani watano. Kisima hakikauki. Fomu yetu ya ziara ya kwanza ilikuwa na swali moja tu kuhusu maji, nalo lilisema: "Je, kuna maji ya kutosha mwaka mzima?" Tukaweka alama kwenye "Ndiyo".

Mambo yalivyokwenda

Kwa wiki sita za kwanza bustani ilipendeza. Mvua za vuli zilikuwa bado zinanyesha, sukuma wiki ilitoa majani mapana, na mchicha ulivunwa mara tatu. Mama alitupigia simu kutushukuru. Tulipiga picha na kuzionyesha katika nyumba nyingine kama mfano wa kuigwa, jambo ambalo leo naona lilifanywa mapema mno.

Vuli ikaisha, upepo wa kaskazi ukaanza kuvuma, na magunia yakategemea kisima peke yake. Katika wiki ya pili ya Januari kingo za majani ya sukuma wiki zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia, kana kwamba zimepitishwa juu ya jiko. Biringani zilidumaa na maua ya nyanya yakapukutika. Mshauri aliyekwenda siku hiyo alikuta vidukari chini ya majani machache, akaona amepata sababu. Alielekeza wanyunyize maji ya sabuni na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Vidukari vilikufa, lakini kingo ziliendelea kuungua.

Ziara iliyofuata nilikwenda mimi. Niliona mimea imefifia nikasema inahitaji mbolea, nikaleta mfuko wa mavi ya kuku kutoka kwa mfugaji wa jirani. Baada ya siku nne miche miwili ya nyanya ilikuwa imekufa. Nilirudi nikauona udongo umekauka juu, jua likiwa kali, nikaamua kwamba tatizo ni kiu. Nilimwambia mama amwagilie mara mbili kwa siku badala ya mara moja, yaani lita 10 kwa gunia badala ya 5, na ili maji yasipotee aweke karai chini ya kila gunia, kisha yale yanayochuruzika ayarudishe juu. Mama alifanya hivyo kwa uaminifu. Kijana wake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyepewa kazi ya kuteka, na kila jioni aliteka ndoo baada ya ndoo kabla ya kwenda chuoni, yaani madrasa.

Mwanzoni mwa Februari tulikwenda wawili. Nje ya magunia, hasa upande wa chini, kulikuwa na ukoga mweupe uliokauka kama chokaa. Mwenzangu alidhani ni ukungu, akatoa daftari aandike jina la dawa. Bi Mkubwa, aliyekuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi, aliinuka, akaukwaruza ule weupe kwa ukucha, akautia ulimini.

"Chumvi," akasema. "Na mimi niliwaambia tangu siku ya kwanza, mwanangu. Maji ya kisima hiki hayapigi povu. Sabuni yamalizika, nguo ingali vile vile."

Nilikumbuka papo hapo. Kweli alisema, mwezi Novemba, tulipokuwa tukijaza fomu. Alimwambia mwenzetu kwamba nguo nyeupe pale nyumbani hufuliwa kwa maji ya mtungi. Neno hilo halikuandikwa popote, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kuliandika.

Wiki hiyo tuliazima kipima chumvi. Maji ya kisima yalisoma desisimensi 4.1 kwa mita (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho hupanda kadiri chumvi inavyozidi), na ya mtungi yalisoma 0.6. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1985 kuhusu maji ya kumwagilia unasema kwamba maji yaliyo chini ya 0.7 hayana tatizo, kati ya 0.7 na 3.0 yanahitaji uangalifu, na yakizidi 3.0 matumizi yake yana masharti makali. Kwa kipimo hicho, kila lita ya kisima ilibeba karibu gramu mbili na nusu za chumvi. Tangu nilipotoa ushauri wa kumwagilia mara mbili, kila gunia lilikuwa likipokea takriban gramu 25 kwa siku, sawa na vijiko vinne au vitano vya chai. Na kwa sababu ya karai, hata ile chumvi ambayo ingetoka na maji ya chini ilikuwa ikirudishwa juu.

Tulipima pia nyuzi za makumbi zilizobaki. Tuliloweka konzi moja katika maji ya mtungi kwa usiku mmoja, na asubuhi kipima kikapanda hadi 2.3. Aliyetuuzia husokota kamba, na makumbi yake hufukiwa kwanza kwenye tope la kando ya bahari, pale maji yanapojaa na kupwa, ili yalainike. Tulikuwa tumeanza kutia chumvi kabla hata ya kumwaga ndoo ya kwanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kumwonyesha mwenye bustani kabla ya kumwambia. Namba za kipima zilikuwa na maana kwetu, lakini mama alikuwa ameshatusikia tukisema vidukari, kisha mbolea, kisha kiu, na hakuwa na sababu ya kuliamini neno letu la nne. Tulimwomba achukue makopo mawili yenye udongo uleule, apande maharagwe kumi katika kila moja, alimwagilie moja kwa maji ya kisima na jingine kwa maji ya mtungi. Tulichagua maharagwe kwa kuwa ni miongoni mwa mimea inayoumizwa haraka na chumvi. Baada ya siku tisa kopo la mtungi lilikuwa na miche tisa, na la kisima lilikuwa na minne, ambayo majani yake ya kwanza yaliungua ncha. Mama aliyaweka makopo yale barazani karibu na karai la mahamri, akawaeleza wateja wake mwenyewe.

Uamuzi wa pili ulihusu gharama, na hapa ndipo tulipokaa kwa muda mrefu zaidi. Jawabu lililoonekana rahisi lilikuwa kununua maji matamu. Katika joto la kaskazi gunia moja lilihitaji kama lita 6 kwa siku, kwa hiyo magunia sita yalihitaji lita 36, yaani mitungi miwili kasoro kidogo. Siku zile mtungi uliuzwa shilingi 30. Mama angelipa zaidi ya shilingi 50 kwa siku ili kunywesha bustani ambayo, hata ikiwa na afya, ingempa nusu tu ya mboga anazonunua kwa shilingi 50 au 60. Niliiweka hesabu hiyo mbele ya wenzangu kwa sababu niliogopa kwamba, kwa aibu ya makosa yetu, tungemsukuma aokoe bustani kwa fedha ambazo hana.

Tuliamua kupunguza. Magunia matatu yaliachwa yapumzike hadi masika. Matatu yaliyobaki yalipandwa kunde na spinachi, mboga zinazostahimili chumvi kuliko sukuma wiki, na zaidi sana kuliko biringani na maharagwe. Haya yangemwagiliwa lita 18 kwa siku, nusu ya kisima na nusu maji matamu, mchanganyiko ambao kipimo chake kilikuwa kati ya 2.3 na 2.4.

Maji matamu hayo yalitoka jikoni. Mama huloweka mbaazi kila usiku na huosha mchele kila mchana, vyote kwa maji ya mtungi, na maji hayo yalikuwa yakimwagwa. Tulipoyapima kwa ndoo yalifika lita 9 hadi 10 kwa siku. Ilibidi tuulize kwa makini kuhusu magadi, maana wapishi wengi huyatia ili mbaazi zilainike haraka, na magadi ni chumvi ya sodiamu inayouharibu udongo. Kumbe magadi hutiwa wakati wa kuchemsha, si wakati wa kuloweka. Basi maji ya kuloweka yalikubalika, na ya kuchemshia yakakatazwa. Nilipendekeza pia kukinga maji ya udhu, kwa kuwa hayana sabuni. Pendekezo hilo halikuwa na faida yoyote: udhu pale nyumbani hutawadhwa kwa maji ya kisima kilekile. Nilikuwa nimerudia kosa la mwanzo, kudhani maji bila kuuliza yanatoka wapi.

Makarai yaliondolewa. Magunia yaliinuliwa juu ya matofali ili maji yachuruzike na kwenda zake, na udongo ukafunikwa kwa majani makavu ili jua lisifyonze maji na kuiacha chumvi juu. Kijana alifundishwa kumwaga kwenye udongo, asiyalowanishe majani, kwa kuwa tone la maji ya chumvi likikauka juu ya jani huliunguza.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa kukinga mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja, na upande wa nyuma wa paa la mabati ulikuwa na mita za mraba kama 30. Mvua ya milimita 10 ingelijaza pipa la lita 200 na kumwagika. Tulidhani hili halina upinzani. Bi Mkubwa alikataa katakata. Aliugua chikungunya ilipoenea Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, akakaa miezi bila kuweza kukunja vidole, na alijua kwamba mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyowekwa majumbani. Hatukubishana naye, kwa sababu alikuwa na haki. Pipa lilingoja hadi fundi alipotengeneza kifuniko cha bati chenye tundu moja la mlizamu, tundu likafungwa kwa kitambaa cha chandarua mara mbili, na bomba la kutekea likawekwa chini ili kifuniko kisifunguliwe kila siku. Bi Mkubwa alilikagua mwenyewe kabla ya kuruhusu.

Matokeo

Kunde zilianza kuvunwa mwishoni mwa Machi, kabla ya mvua. Majani ya spinachi yalikuwa madogo kuliko ya sokoni lakini hayakuungua. Aprili masika yalipoanza, magunia matatu yaliyopumzishwa yaliachwa wazi mvuani. Katikati ya Mei tulipima maji yaliyochuruzika chini yake yakasoma 1.2, tukapanda tena mchicha na sukuma wiki. Kisima chenyewe kilipopimwa mwezi Juni kilisoma 2.2.

Kufikia Agosti mama alikadiria kwamba ananunua mboga siku tatu au nne kwa wiki badala ya saba. Nyanya na biringani hazikurudi, na hatukuzirudisha. Mche wa mzunze ambao Bi Mkubwa aliupanda mwenyewe kwenye pembe ya vifusi umepita urefu wa ukuta, na majani yake yamekwisha pikwa kwa nazi mara kadhaa.

Hasara nazo zihesabiwe: magunia manne ya sukuma wiki na nyanya yaliyokufa, karibu miezi miwili ya kazi ya mama na kijana wake, na fedha za udongo ambazo hazikurudishwa na mtu.

Uchambuzi

Kosa letu kubwa lilikuwa la kuuliza. Tuliuliza wingi wa maji tukaacha kuuliza ladha yake, katika mji ambao kila mwenyeji anajua kutofautisha maji ya kunywa, ya kupikia, ya kufulia na ya kuogea. Elimu hiyo ilikuwemo nyumbani. Bi Mkubwa aliitamka kwa lugha iliyo wazi kabisa, na sisi tuliichukulia kuwa mazungumzo ya pembeni kwa sababu ilihusu kufua na haikutaja kupanda. Ni jambo linaloniuma hadi leo, kwamba mzee alisema kweli uani kwake na watu waliokuja kumsaidia hawakumsikia.

Kosa la pili ni la msimu. Mvua inayopenya kwenye mawe ya matumbawe hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni nyepesi, na tabaka hilo la maji matamu huwa nene baada ya masika na jembamba kaskazi inapokaza, hasa visima vinapotekwa sana. Tulianzisha bustani Novemba, mvua ikiificha hali ya kisima, tukaipa sifa za mafanikio muda mfupi kabla ya kisima kufikia ubaya wake. Laiti tungeanza Mei, chumvi ya kisima ingekuwa karibu nusu, na pengine tungeondoka tukiamini ushauri wetu ni mzuri hadi Januari iliyofuata.

Kuhusu dalili, kila mmoja wetu alikiona kile alichokizoea. Mwenzangu hupenda habari za wadudu, akaona wadudu. Mimi ni mtu wa mbolea, nikaona njaa. Hakuna aliyelichukua jani na kulitazama kwa utulivu. Chumvi huanza kuunguza ncha na kingo, kisha huingia ndani, na majani makongwe ndiyo hutangulia. Upungufu wa madini ya chuma, ambao ni wa kawaida kwenye udongo wa matumbawe, huonekana kwenye majani machanga: huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Vidukari hukunja jani na kuacha utomvu unaonata. Ishara hizi tatu hazifanani, na mwanga wa asubuhi ungetosha kuzitenganisha. Tena kila dawa tuliyotoa iliongeza ugonjwa: mavi mabichi ya kuku yana chumvi zake, kumwagilia zaidi kulileta chumvi zaidi, na karai likaizuia isitoke. Ushauri wa karai ulikuwa wangu, nami nilikuwa nimeutoa katika nyumba nyingine mbili. Nilirudi kote nikauondoa.

Jaribio la makopo mawili lilifanya kazi kuliko chochote tulichowahi kueleza, na sidhani ni kwa sababu ya maharagwe tu. Mama alipanda, akamwagilia, akahesabu, akaonyesha. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yalibadilika. Wazo la maji ya kuloweka mbaazi lilikuwa lake, ingawa nimeliandika hapo juu kana kwamba tuliligundua pamoja. Pingamizi la Bi Mkubwa kuhusu pipa nalo lilitupa kifuniko bora kuliko kile tulichokuwa tumepanga, ambacho kilikuwa kipande cha turubai na jiwe juu yake.

Kuna jambo moja ambalo halijatatuliwa. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unategemea biashara ya mbaazi. Mwezi wa Ramadhani, mauzo ya asubuhi yanaposimama na mapishi yakahamia jioni, kiasi cha maji ya jikoni hubadilika, na kwa nyumba isiyouza mbaazi kiasi hicho hakipo kabisa. Mpango huu hauwezi kuchukuliwa ulivyo na kupelekwa kwa jirani.

Fomu ya ziara ya kwanza sasa ina maswali manne ya maji: yanatoka wapi, yana ladha gani mwezi wa Februari, yanapiga povu au hayapigi, na ni nani nyumbani anayeyajua zaidi. Mshauri anatakiwa kuandika jibu kwa maneno ya mwenye nyumba mwenyewe. Katika majirani watano wanaoshirikiana kisima hiki, watatu wamekwisha tembelewa kwa fomu mpya na wamepanda kunde. Wawili waliobaki wamepangiwa ziara ya Oktoba, kabla kaskazi haijaanza, na Bi Mkubwa ameomba aende pamoja nasi.